Kilichobaki Mwambani

Marmul, saa kumi alfajiri.
Nje, lori la maji limewasha taa na halina pa kwenda bado.
Ndani, pampu yangu inatoa matone
kama mtu anayelipa deni asilolikubali.

Jiwe langu ni fupi kuliko kiganja:
mchanga ulioshikamana, rangi ya halua iliyokauka.
Limetolewa mamia ya mita chini ya nyayo zetu,
likavishwa mpira, likabanwa ndani ya chuma,
na sasa nalinywesha.

Kinywaji chenyewe ni maji ya chumvi na unga mweupe.
Nimeukoroga tangu jana, polepole,
maana ukiharakisha unafanya madonge
kama uji wa mpishi mwenye safari.
Ukivumilia, unavutika,
ute wa bamia, uzi usiokatika mpaka utikise mkono.
Haya ndiyo maji yanayosukuma mafuta mazito.
Maji matupu hujitafutia uchochoro,
yakafika kisimani yakijisifu,
mafuta yako kule kule, yamekaa.

Lakini mwamba nao una mkono wake.

Chupa ya kwanza: maji.
Ya pili: maji.
Ya tano nikadhani mrija umeziba.
Ya saba ndipo ute ukaonekana, umechelewa, haba,
kama msafara uliopitia nyumba za watu.

Niliingiza miligramu arobaini.
Zimetoka thelathini na moja.
"Tisa ziko wapi?" anauliza Mhandisi Musallam,
kikombe mkononi, macho kwenye skrini.
Zimeshikwa, namwambia.
Anaandika *hasara*.

Mimi nisingeandika hivyo.
Kila uzi wa polima ni mnyororo mrefu,
na ukipita karibu na punje
unagusa hapa, unagusa pale,
hasa palipo na udongo wa mfinyanzi, maana udongo una uchu.
Mguso mmoja si kitu, huachia.
Ila uzi umeshika mahali mia;
kiungo kimoja kikibanduka, tisini na tisa vinasubiri,
na kabla hivyo havijaamua
kile cha kwanza kimesharudi.

Bibi yangu Shawana alikuja Maskati na Kiswahili kizima,
cha Wete, chenye matusi na dua.
Mama alibaki na nusu.
Mimi nakiandika usiku, kwa kujikwaa.
Binti yangu Lujaina hana hata sentensi,
lakini juzi, kwa Kiarabu chake cha shule,
alimkemea mdogo wake:
rudisha mwiko!
Hakujua kuwa neno lile ni mgeni.
Nilinyamaza. Nikaukoroga mchuzi.

Musallam ana mpango.
Tutangulize kitu rahisi, anasema, cha bei ndogo,
mwamba ule ushibe,
kisha ndiyo tupitishe cha thamani.
Namwelewa. Ni hesabu nzuri.
Hata hii polima, ukiipitisha mara ya pili,
inafika mapema, haidaiwi tena;
aliyetangulia ameshalipa mlangoni.

Saa nne asubuhi. Naosha.
Maji ya chumvi, ujazo mmoja wa vinyweleo, miwili,
kumi, ishirini.
Kinachotoka ni cheupe, kimekonda, hakivutiki.
Kipimo kinasema sufuri,
nami nakiuliza tena, kinasema sufuri.

Mikrogramu themanini na mbili kwa kila gramu ya jiwe.
Naiandika kwenye jedwali, safu ya nane,
chini ya kichwa nilichokibadilisha bila ruhusa:
*kilichobaki*.

Kisha naangalia presha.
Maji ni yale yale ya mwanzo, pampu ni ile ile, kasi ile ile,
jiwe lile lile fupi kuliko kiganja.
Sindano imetulia juu kidogo ya ilipokuwa jana.
Nagonga kioo kwa ukucha.
Haishuki.